Meza ya Mama Salman

Kila mtu pale Kona Mbuzi alijua kwamba mke wa mchungaji hapewi maombi ya chakula. Si kwamba Wamboi hakujua kuomba. Aliomba vizuri mno, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Ukimwambia ashukuru kwa sahani ya githeri, angeanza na mvua iliyootesha mahindi, apitie kwa ng'ombe wa jirani aliyekataa kushika mimba, apande hadi Endebess kuwaombea wakulima wasiomjua, na akirudi mezani mafuta yameganda juu ya githeri na watoto wamesinzia. Siku ya harusi yao mzee mmoja asiye na habari alimwachia bibi harusi maombi, na waliokuwepo husimulia hadi leo jinsi pilau ilivyopoa.

Tangu siku hiyo mumewe, Mchungaji Kagwe, alikuwa macho. Sufuria ikiteremshwa tu, anainamisha kichwa haraka kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Tushukuru. Bariki. Amina."

"Wewe unaomba ni kama simu yako inazima chaji," Wamboi humwambia.

"Na wewe unaomba ni kama Mungu hana watu wengine."

Walipendana hivyo, kwa kuchokozana, tangu enzi zile Kagwe akiwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia huko Bungoma. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba, suruali imemzidi kiuno, na kila Jumamosi alikuja Kiminini kumwona Wamboi, yeye mwenyewe amejaa kitabu cha Kutoka tangu kichwani hadi miguuni. Angekaa kwenye stuli jikoni kwa kina Wamboi na kumweleza mambo ya theolojia ya ukombozi, kwamba Mungu alisikia kilio cha watumwa kabla hajasikia wimbo wowote wa sifa, kwamba alimtuma Musa ikulu na si kwaya. Wamboi alikuwa akimenya viazi na kusikiliza. Wavulana wengine walimletea sabuni na leso. Huyu alimletea Farao, naye akamchagua huyu.

Sasa Kagwe alikuwa na kitambi kidogo na miwani, na Farao hakuwa amemtaja miaka mingi.

Shida yenyewe ilianza Jumapili moja kanisani. Mheshimiwa Ngari, mwakilishi wa wadi, alikuja ibadani na walinzi wake, na Kagwe, kama ilivyo desturi, akampa maikrofoni asalimie watu kidogo. Ngari hakuwa mgeni pale. Alikulia katika kanisa lile, alifundishwa na Wamboi Sunday school, akakariri Zaburi ya ishirini na tatu huku akilamba kamasi. Wamboi alimtazama kwenye suti yake ya bluu na moyo ukamjaa, maana mtoto wa mwenzio ni wako.

"Bwana asifiwe! Soko letu la kisasa limeisha," Ngari akasema. "Na nimekuja na habari njema. Vibanda ni vya wenyeji. Ni vya sisi watu wa upande huu, wenye tuliamka mapema kupiga kura. Wale wa ng'ambo ya kijito na wale wa kutoka huko tauni ya Kitale, nawapenda, lakini watafute kwao. Siku ya kufungua, meza zao zitaondolewa."

Kanisa zima likapiga makofi. Gathogo, mzee wa kanisa, alisimama kabisa, kwa sababu mkewe alikuwa ameahidiwa kibanda cha mlangoni. Wamboi peke yake alibaki na mikono mapajani. Alimtazama mumewe madhabahuni. Kagwe alikuwa akifuta miwani.

Kona Mbuzi ni kituo kidogo kwenye barabara ya vumbi, kati ya Kiminini na Ndalu, na katikati yake kinapita kijito ambacho mtu mrefu anaweza kukivuka kwa hatua moja. Huku ni Trans-Nzoia, ng'ambo ni Bungoma. Soko limekaa ukingoni tangu zamani, na kijito hakijawahi kumuuliza mtu kitambulisho. Akina mama wa Ndalu huleta kabichi na ndizi, wa Kiminini huleta viazi na maziwa, na kutoka Kitale, nyumba zilizo karibu na msikiti, huja Zulekha, anayeitwa na wote Mama Salman, na marobota yake ya mitumba.

Siku ya soko iliyofuata Wamboi, au Mama Kim kama walivyomwita sokoni, alikuta meza za watu zimepakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Mama Wabwile wa Ndalu alikuwa amesimama mbele ya kabichi zake na mikono kiunoni.

"Ati mimi ni mgeni, Mama Kim. Mimi nimeuza hapa kabra huyo mheshimiwa hajaota meno. Mimi sikuvuka mto kuja kwenu. Hiyo mto ndiyo ilipita katikati yetu."

 Mama Salman alikuwa akikunja suruali za watoto na kuzipanga juu ya meza yake, meza nzito ya mbao za msaipresi, mguu mmoja umefungwa kwa waya. X yake ilikuwa kubwa kuliko zote na rangi ilikuwa imechuruzika hadi chini.

"Itatoka, inshallah," alisema alipomwona Wamboi akiitazama.

"Rangi ama wewe?"

"Mmoja wetu."

Wamboi aliweka kiganja juu ya meza ile. Kuna mambo ya mwaka ule uchaguzi ulipochemka ambayo watu wa Kona Mbuzi hawayazungumzi. Waliyafukia kama mtu anavyofukia mzoga, wakapanda mahindi juu. Lakini Wamboi aliyajua kwa sababu alikuwa chini ya meza hiyo. Alikuwa amekuja kununua chumvi, na mwanawe Kim mgongoni, na mkononi kashika kijana wa jirani aliyeachiwa amtunze. Vijana wenye mapanga wakatokea juu ya barabara wakiuliza wenyeji ni gani na wageni ni gani. Mama Salman, ambaye wakati huo Wamboi hakuwa hata amemzoea, aliwasukuma wote watatu chini ya meza, akateremsha mashuka na makoti hadi ardhini, akaketi juu na kuanza kutangaza bei. Wamboi alimsikia akimuuzia mmoja wa wale vijana shati. Alimsikia akimwambia rangi hiyo imemkaa. Yule kijana wa jirani alitaka kulia, Wamboi akamziba mdomo, naye akamuuma kiganja hadi damu ikatoka, na alama ipo hadi leo.

Baadaye Mama Salman alimvisha Wamboi buibui, akawafikisha Kitale nyumbani kwake, na wakala kwake hadi kulipotulia. Kagwe alikuwa Bungoma kwenye mkutano wa wachungaji, na barabara zilikuwa zimefungwa. Alipofika mwishowe na kumkuta mkewe mlangoni pale karibu na msikiti, amevaa buibui, mkono umefungwa kitambaa, alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti. Wamboi aliamini kwamba Musa alimtoka Kagwe siku hiyo. Mtu akishakaribia kupoteza kila kitu, huanza kutembea kwa ncha za vidole, na hakuweza kumlaumu.

Na yule kijana aliyemuuma, kama hujajua bado, alikuwa Ngari.

Jioni hiyo Wamboi alimkuta mumewe akikamua ng'ombe.

"Baba Kim, lazima tuongee na Ngari."

"Mama Kim, siasa tuachie wenye siasa. Mungu hana chama."

"Hana chama, lakini ana upande. Si ni wewe ulinifundisha? Ulikaa kwa stuli ya mama yangu ukasema Mungu akiangalia watu wawili, mmoja amekanyaga mwingine, haangalii viatu, anaangalia aliye chini. Nilikupendea hiyo maneno, bana. Sikukupendea kitambi."

Kagwe alicheka bila kutaka, na ng'ombe akashtuka. Kisha akaendelea kukamua. "Unajua hii kitu inaanzaga na maneno. Mchungaji mmoja anasema, kesho watu wanagawanyika, kesho kutwa kuna moshi. Mimi nataka tu mkae salama."

"Maneno yalianza Jumapili, Baba Kim. Na yalianzia kwa maikrofoni yetu."

Hilo lilimwingia. Alimaliza kukamua, akafunika ndoo, akasema kwamba kama ni lazima, basi ifanywe vile Bwana alivyoagiza katika Mathayo: ndugu yako akikosa, nenda mkaongee ninyi wawili. Asiposikia, chukua mwingine. Asiposikia bado, liambie kanisa.

Basi Wamboi akaenda peke yake kwanza, kwenye ofisi ya Ngari pale Kiminini. Alipokewa kama malkia. "Teacher wangu! Leteni soda!" Kila alipofungua mdomo simu ikalia, na kila simu ilipokatika mtu mwingine akaingia. "Ngari, ile meza ya Mama Salman," alianza. Ngari akamshika bega kwa upendo kabisa na kusema, "Teacher, hiyo mambo ya meza usijali, wewe nimekupangia kibanda yako mwenyewe." Wamboi alijikuta nje na soda ya pili mkononi. Alimpenda na alitamani kumfinya sikio, yote mawili kwa pamoja.

Mara ya pili alikwenda na Kagwe. Ngari aliwapokea vizuri zaidi. Kagwe alikohoa, akarekebisha miwani, akasema, "Mheshimiwa, tulikuwa na neno kidogo." Na Ngari, ambaye hakuwa mjinga, akasema, "Mchungaji, kabla ya yote, si utuombee kwanza? Ofisi mpya na haijabarikiwa." Walinzi wakavua kofia. Kagwe akainamisha kichwa. "Tushukuru. Bariki. Amina." Na Ngari akasema amina kubwa, akawapa mkono, na mlinzi alikuwa tayari ameshafungua mlango.

Walitembea hadi nyumbani. Walipofika kwenye lango Kagwe alisimama.

"Nimeombea udhalimu, ama ni aje?"

"Umeombea ofisi," Wamboi akamwambia kwa upole, maana alimwonea huruma. "Lakini umeona? Simu alishika, mlango alifungua, wewe hata neno hukusema. Kitu moja tu ndiyo hakukata. Hakuna mtu hukata maombi."

"Usifikirie hata. Maombi si fimbo ya kuchapa watu."

"Mimi sitaki kuchapa mtu. Nataka akumbuke."

"Siku ya kufungua soko mimi ndiye nimeitwa kuomba, na nitaomba maombi, si hotuba. Tumeelewana?"

 Usiku ule Wamboi alilala akimpa mgongo, jambo ambalo halikuwa desturi yao, na ilimuuma yeye zaidi.

Siku ya kufungua soko watu walijaa kama sherehe ya harusi. Kulikuwa na tenti nyeupe, jukwaa la mbao, spika kubwa na utepe mwekundu mlangoni. Nyuma ya tenti, zimesogezwa pembeni ili zisiharibu picha, zilikuwa meza zenye X zikingoja lori. Mama Wabwile alikaa juu ya kabichi zake na kuapa kwamba lori litambeba pamoja nazo. Mama Salman alisimama kando ya meza yake akiwa amevaa buibui yake nzuri ya Idi, kama mtu aliyekuja kumsindikiza jamaa.

Mtangazaji akawaita wote wasimame. "Ni desturi yetu kumtanguliza Mungu. Mchungaji Kagwe, karibu utuombee, na kwa sababu ya muda, iwe fupi."

Kagwe alipanda. Kofia zikavuliwa, redio za walinzi zikazimwa, Ngari, aliyekuwa tayari jukwaani, akafunga vifungo vya koti na kufumba macho. Wamboi, aliyekuwa chini mstari wa mbele, alifumba yake akisubiri yale maneno matatu, na kwa kweli alikuwa karibu kulia.

Hayakuja. Spika zilitoa tu sauti ya mtu anayepumua.

"Ndugu zangu," Kagwe akasema. "Mnanijua mimi ni wa maombi mafupi. Leo hapa hayatatosha. Mama Kim, kuja utuombee."

Mtu fulani aliguna nyuma, akikumbuka pilau. Wamboi alifumbua macho na kumwona mumewe ameinama ukingoni mwa jukwaa, ananyoosha mkono kumvuta juu. Mkono ulikuwa baridi. Alikuwa anaogopa, mume wake, anaogopa sana, na bado alikuwa amempa maikrofoni. Wamboi aliona tena ile suruali iliyozidi kiuno na stuli ya jikoni kwao. Alimpenda pale mbele ya watu wote hadi akasahau angeanzia wapi.

"Baba wa mbinguni," akaanza. "Leo sikupeleki mbali. Endebess sifiki. Nakuletea tu meza moja. Wewe unaijua. Ni ile ya Mama Salman, iko hapa nyuma, imepakwa X.

"Unakumbuka ile siku, Baba, yenye sisi hatupendi kukumbuka. Chini ya hiyo meza kulikuwa na mwanamke mwoga, na ndiye mimi. Kulikuwa na mtoto wangu mgongoni. Na kulikuwa na kijana mdogo wa jirani, jina lake Ngari. Juu ya meza alikaa mama wa dini ingine, kabila ingine, mwenye hakutujua. Watu walikuja wakauliza, wenyeji ni gani na wageni ni gani? Akawaambia, hapa kuna nguo tu, chagueni. Baba, hilo lilikuwa jibu yake, na ndiyo maana tuko hai.

"Huyo kijana umemkuza. Umempa elimu, umempa sauti, umempa kiti. Asante, Baba. Mimi sina neno mbaya na yeye, ni mtoto wangu, na hapa kwa mkono niko na alama ya meno yake. Usimwaibishe. Mkumbushe tu vile kulikuwa giza huko chini, ndiyo akisimama hapa juu asiulize tena lile swali. Na sisi wa kanisa yako tuliomsikia akiuliza na tukapiga makofi, utusamehe, kwa sababu wewe ulisikia kilio kabla ya makofi yetu.

"Sasa Baba, amina ya maombi haya si yangu. Ni ya Ngari. Akisema, sawa. Akikataa, wewe bado ni Mungu wake na mimi bado ni teacher wake. Tunangoja."

Akanyamaza.

Sasa, watu wa huku wana heshima zao. Mheshimiwa anaweza kukata hotuba ya mtu, anaweza kukata hata umeme wa spika, lakini kabla ya amina hakuna anayefumbua macho. Umati mzima ulisimama vichwa chini, walinzi na kofia zao mikononi, Gathogo na mkewe. Upepo ulipiga tenti. Mbuzi akalia mahali fulani. Wamboi alisikia mbao za jukwaa zikilia, viatu vya ngozi vikishuka ngazi kimoja kimoja, vikienda mbali.  Ameondoka, alijiambia. Nimempoteza mtoto, na nimemgharimu mume wangu amani yake.

Kisha amina ikaja. Haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma ya tenti, ndogo, kavu, sauti ya mtu aliyezibwa mdomo.

Watu waligeuka wote. Ngari alikuwa amechuchumaa kando ya meza ya Mama Salman, suti yake vumbini, anachungulia chini yake, ameshika ule mguu wa waya.

"Nilidhani ilikuwa kubwa," akasema.

"Wewe ndiye ulikuwa mdogo," Mama Salman akamjibu.

 Ngari akatoa leso mfukoni na kujaribu kufuta ile X, lakini rangi ilikuwa imekauka na leso ikaharibika bure. Alipoinuka hakurudi jukwaani. Alishika upande mmoja wa meza, akamwita mlinzi ashike wa pili, na wakaipitisha katikati ya umati hadi mlangoni, na meza yenyewe ndiyo iliyokata ule utepe. Mama Wabwile hakungoja kualikwa. Alijitwika kabichi na kuwafuata, akiimba.

Si wote waliofurahi. Ngari alizomewa kidogo na vijana wake mwenyewe, na huenda uchaguzi ujao ukamlipa alichopanda siku hiyo, kizuri au kibaya. Gathogo hakuwasalimu mchungaji na mkewe walipokuwa wakiondoka, na Jumapili iliyofuata benchi lake lilikuwa tupu. Kagwe alilitazama benchi hilo muda wote wa mahubiri, akahubiri hata hivyo. Alihubiri kitabu cha Kutoka. Mchana ule aliendesha baiskeli hadi kwa Gathogo, akakuta mlango umefungwa, na akasema kesho atarudi tena.

Lakini jioni ile ya kufungua soko walikuwa wawili tu jikoni, maana Kim alikuwa kazini Kitale. Wamboi aliteremsha sufuria, akapakua ugali na sukuma wiki, akaketi na kuinamisha kichwa, akingoja maneno matatu kama miaka yote.

Kagwe akasema, "Omba wewe."

Wamboi alimtazama kwa jicho moja. Miguu ilikuwa inamuuma, sauti ilikuwa imekauka, na alikuwa na njaa. "Tushukuru. Bariki. Amina," akasema, na kunyoosha mkono kwenye ugali.

Kagwe hakusogea. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa, mikono imekunjwa, miwani imeteleza hadi puani.

"Endelea," akasema.

"Ugali itapoa, Baba Kim."

"Wacha ipoe."